Zimbabwe 2008: kipindupindu hakikuangusha uchumi

Wengi husimulia hivi: uchaguzi wa 2008 ulivuruga Zimbabwe, kikaja kipindupindu, uchumi ukaanguka. Masimulizi hayo yamepindua mpangilio. Uchumi ulikuwa umeanza kusinyaa miaka karibu kumi kabla, na kipindupindu kilizaliwa humo.

Tazama maji ya Harare. Serikali kuu iliyaondoa mikononi mwa mamlaka ya jiji, lililokuwa ngome ya upinzani, na kuyakabidhi shirika lake la maji la taifa, ZINWA. Dawa za kusafishia maji zilihitaji fedha za kigeni, nazo hazikuwepo. Mabomba yakakauka, maji taka yakafurika mitaani, na watu wa Budiriro, kitongoji cha Harare, wakachimba visima vifupi uani. Hapo uchafu wa mtu mmoja mmoja, unaolaumiwa sana, ni kisingizio tu.

Wauguzi nao? Mfumuko wa bei wa Julai 2008 ulitangazwa kuwa asilimia milioni 231 kwa mwaka, na mshahara wa mwezi haukutosha nauli ya daladala. Wakabaki nyumbani, na ugonjwa ambao mara nyingi hutibika kwa maji yenye chumvi na sukari ukaua zaidi ya watu 4,000.

Machi na Juni mwaka huo palikuwa na uchaguzi wenye vurugu, kisha miezi ya mabishano bila serikali mpya. Ilipoundwa serikali ya umoja, Februari 2009, dola ya Marekani ilikuwa imeruhusiwa madukani. Bei zikatulia ndani ya wiki chache. Kipindupindu hakikuisha hadi katikati ya mwaka. Bomba halitengenezwi kwa tangazo.