"Wapenzi Kama Hawa Hawakuwapo Zamani": Dhana Potofu Kuhusu Riwaya za Mapenzi ya Kihistoria

Kazi yangu ni kuhariri riwaya, na kabla muswada haujaenda kupigwa chapa huwapa wasomaji kadhaa hapa Kampala wausome na kuandika maoni yao, kisha nikakaa na mwandishi tukayapima. Muswada ulio mezani kwangu sasa unasimulia mapenzi ya mjane wa Kiganda, Mkristo wa umri wa miaka 40, na fundi cherehani Mwislamu kutoka pwani ambaye ni mdogo kwake kwa miaka 14. Hadithi inatukia Kampala mwaka 1912. Maoni yamerudi, na kama ilivyotokea kwa kila muswada wa aina hii niliowahi kuushughulikia, karibu yote yamebeba hukumu moja: watu kama hawa hawakuwapo, na mwandishi amechukua mambo ya leo akayapeleka zamani.

Hukumu hiyo nimeisikia vya kutosha, na naijibu kwa kirefu kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko wanaoitoa wanavyodhani. Mwandishi mchanga akiambiwa hivyo na watu kumi, humfanya mjane kuwa msichana, fundi kuwa mtoto wa chifu, dini zao kuwa moja, na riwaya iliyokuwa na jambo la kusema hubaki haina hata sababu ya kuandikwa.

Kosa la wasomaji hawa ni kuichukua kanuni ya jamii na kuidhania kuwa ndiyo maisha ya kila mtu aliyeishi chini yake. Wameambiwa na babu zao kwamba zamani mjane hakufanya hivi na mtoto wa watu hakuoa vile, nao huyapokea maneno hayo kama taarifa ya yaliyotendeka, ilhali ni taarifa ya yaliyotakiwa kutendeka. Nani hujisumbua kulikataza jambo ambalo hakuna anayelifanya?

Hatuhitaji kwenda mbali. Kabaka Daudi Chwa II, mfalme wa Buganda, alifariki mwaka 1939, na mwanawe Mutesa II alipomrithi, mjane wake Irene Drusilla Namaganda, aliyekuwa mama wa Mutesa, akawa Nnamasole, yaani mama wa mfalme. Mila ya Buganda haimruhusu Nnamasole kuolewa tena, na hilo kila Mganda alilijua, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Hata hivyo, mwaka 1941 aliamua kuolewa na mtu wa kawaida asiye na cheo, na ndoa hiyo ikafungwa kwa ridhaa ya askofu wa Kianglikana. Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) Martin Luther Nsibirwa, aliyelaumiwa kwa kuikubali, alilazimika kuachia madaraka mwaka huohuo, na Namaganda akapoteza cheo chake. Kama mwandishi angelibuni tukio hili, la mjane wa mfalme anayeacha heshima kubwa kuliko zote alizoweza kupewa mwanamke katika ufalme ili aolewe na mtu asiye na jina, na serikali nzima ya Mengo, makao makuu ya Buganda, ikatikisika, nina hakika maoni yangerudi yakisema kwamba haliwezekani. Lilitokea juu ya vilima tunavyopita kila siku.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano mwingine ulio karibu zaidi na muswada wetu, kwa kuwa unahusu dini mbili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844, alipendana na mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete. Alipopata mimba, alitoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kufunga ndoa hukohuko. Mumewe alikufa Hamburg mwaka 1870, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya ugeni. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar kudai urithi wake, lakini kaka yake, Sultani Barghash, hakumpokea. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, nazo zinasomwa hadi leo. Huyu alikuwa binti wa mfalme, aliyelelewa ndani ya kuta na kulindwa kuliko mjane yeyote wa Kampala.

Wengine hukubali tofauti ya dini na cheo, lakini hukwama kwenye umri, wakisema kwamba mwanamke kumzidi mume miaka ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na wazungu. Bibi Khadija bint Khuwaylid, mjane na mfanyabiashara wa Makka, ndiye aliyetuma posa kwa Mtume Muhammad kabla ya utume, na kauli iliyo mashuhuri zaidi ni kwamba alikuwa na miaka 40 na Mtume miaka 25. Siitaji ndoa hiyo tukufu ili kuilinganisha na riwaya. Naitaja kwa sababu wanaonipa pingamizi hili huifahamu tangu madrasa, kisha huisahau mara wanapofungua kitabu cha hadithi. Huko Uingereza nako, Samuel Johnson, aliyekuja kuandika kamusi maarufu ya Kiingereza, alioa mwaka 1735 akiwa na miaka 25, na mkewe, Elizabeth Porter, alikuwa mjane wa miaka 46. Benjamin Disraeli, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, alimwoa mwaka 1839 mjane aliyemzidi miaka 12.

Na kwa wanaosoma riwaya zinazotukia Uingereza ya karne ya 18 na 19, kisha wakalalamika kwamba mhusika mweusi ameingizwa humo ili kuwaridhisha wasomaji wa leo, naomba wafahamu kwamba London ya wakati huo ilikuwa na maelfu ya watu weusi. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa na akaandika kitabu kilichosaidia kupinga biashara ya utumwa, alimwoa Susannah Cullen, Mwingereza, katika mji wa Soham mwaka 1792. Mwaka uliofuata Dido Elizabeth Belle, ambaye mama yake alikuwa mtumwa na baba yake ofisa wa jeshi la majini, na ambaye alilelewa katika nyumba ya jaji mkuu Lord Mansfield, aliolewa London na John Davinier. Ndoa hizo zimeandikwa katika madaftari ya kanisa.

Nirudi kwenye fundi wetu, maana yeye ndiye aliyeshambuliwa zaidi. Msomaji mmoja aliandika kwamba mtu wa pwani asingekuwa na mazoea na nyumba za Waganda wenye hadhi, na mwingine kwamba mjane huyo asingeweza kuzungumza naye. Lakini watu wa pwani walikuwa wamezoeleka Buganda zamani: mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri la Kabaka Suuna II mwaka 1844, yaani miaka 68 kabla ya hadithi kuanza, na Mutesa I, aliyemfuata Suuna, alijifunza Kiswahili na Kiarabu na kufunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Kanzu, ambayo leo hatuwezi kufanya sherehe ya posa bila hiyo, iliingia nchini na watu hao. Fundi cherehani naye ana nafasi yake katika kipindi hicho: gomesi, vazi rasmi la wanawake wetu, hutajwa kuwa kazi ya fundi Mgoa, mtu wa asili ya Goa huko India, wa mwanzoni mwa karne ya 20. Kama kuna mtu aliyeweza kuingia katika nyumba ya mjane mwenye mali mchana kweupe, akampima bega na mkono bila mtu kuuliza, basi ni fundi wa nguo, na mwandishi amelifikiria hilo vizuri kuliko waliomkosoa.

Kuhusu dini, pingamizi lilikuwa kwamba Uislamu usingemruhusu. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, humruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke Mkristo. Uzito ungetoka upande wa pili, kwa kanisa na kwa ukoo wa mjane, na huko ndiko mwandishi alikouweka. Sheria ya kikoloni nayo ilikuwa na njia zake: ndoa ya kanisani au ya mbele ya msajili ilisimamiwa na sheria ya mwaka 1904, na ndoa ya Kiislamu ilitambuliwa kwa sheria ya mwaka 1906. Jambo ambalo hakuna msomaji aliyeligusa ni hili: mwanamke wa miaka 40 mwaka 1912 alikuwa na miaka 16 mwaka 1888, mwaka ambao Waislamu waliwashinda Wakristo, Wakristo wakakimbia Buganda, na Kalema akatawazwa kuwa Kabaka kwa nguvu ya Waislamu. Kumbukumbu hiyo ingekuwa ndani ya nyumba yake kila fundi alipobisha hodi. Hapo ndipo nilipomwomba mwandishi aongeze sura nzima.

Kwa hiyo ushauri ninaoutoa kwa kila msomaji, na nitaendelea kuutoa, ni kwamba aache kuuliza kama wapenzi hao waliwezekana, aulize walilipa nini. Namaganda alilipa cheo. Salme alilipa nyumba, ndugu na urithi. Seretse Khama, mrithi wa uchifu katika nchi ambayo leo ni Botswana, aliyemwoa Ruth Williams, mzungu wa Uingereza, London mwaka 1948, alizuiwa na serikali ya Uingereza kuishi katika nchi yake, na mwaka 1956 aliruhusiwa kurudi baada ya kuachia haki ya uchifu. Riwaya inayoonyesha mjane Mkristo na fundi Mwislamu wakipendana mwaka 1912 haijakosea. Inayoonyesha wakipendana bila mchungaji kuja nyumbani, bila wazee wa ukoo kuitana kikao, bila ardhi kutajwa hata mara moja, hiyo imekosea, na hapo nitausaidia ukali wa msomaji kwa moyo wote.

Na makosa ya kihistoria ya kweli hupita bila kuonwa. Katika sura ya tisa ya muswada huu, fundi alipanda treni Kampala, akashuka Mombasa. Hakuna aliyelalamika. Reli ya kutoka pwani ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala ilifikiwa mwaka 1931. Mwaka 1912 msafiri alivuka ziwa kwa meli ndipo akapanda treni Kisumu. Vilevile mjane anatamka katika sura moja maneno ambayo yangefaa katika warsha ya haki za wanawake ya mwaka huu. Mwanamke wa wakati ule aliweza kukataa kudhulumiwa, tena kwa ukali, lakini angekataa kwa lugha ya ukoo, ya Biblia na ya mali ya marehemu mumewe. Hayo ndiyo mambo ya leo yaliyopelekwa zamani, nayo yameondolewa.

Dhana nyingine nitazipitia kwa haraka.

Wapo wanaosema kwamba zamani kila mwanamke aliolewa akiwa mtoto, hivyo mhusika wa kike anayezidi miaka 20 ni kosa. Kwa Uingereza, ambako riwaya nyingi za aina hii zinatukia, wanawake wa kawaida kwa karne kadhaa waliolewa mara ya kwanza wakiwa na umri wa kati ya miaka 23 na 26 kwa wastani. Wasichana wa familia za watawala ndio walioozwa mapema kwa ajili ya mikataba ya kisiasa, na kwa kuwa hao ndio wanaoandikwa sana, tumewachukua kuwa kipimo cha wote. Nao wanaosema wanawake wa zamani hawakuwa na sauti yoyote waanze kwa kusoma kuhusu Nnamasole, aliyekuwa na kasri lake na maofisa wake, au Batebe, dada wa mfalme, katika ufalme wa Toro.

Wapo wanaodai kwamba mwisho wa furaha ni uongo. Mwisho wa furaha ni sharti la riwaya ya mapenzi, na anayetaka wapenzi wafe ana tanzia nyingi za kusoma. Wala haupingani na historia: Ruth na Seretse walirudi Botswana, Seretse akawa rais wa kwanza mwaka 1966, na ndoa yao ilidumu hadi alipofariki mwaka 1980.

Wapo wazazi na walimu wanaoamini kwamba mwandishi akionyesha jambo, amelihalalisha. Sina subira na hoja hii, kwa sababu anayeishika hawezi kusoma hata vitabu vitakatifu, ambamo uzinzi, usaliti na mauaji ya ndugu vimesimuliwa waziwazi.

Wapo pia, na hawa hunitia wasiwasi kuliko wote niliowataja katika sehemu hii fupi, wanaoishika riwaya kama ushahidi wa historia. Baada ya kusoma kitabu kimoja, msomaji huanza kunukuu maneno ya kiongozi fulani ambayo mwandishi aliyabuni. Soma maelezo ya mwandishi yaliyo mwishoni mwa kitabu. Mwandishi makini hueleza humo ni kipi alichokitoa kwenye kumbukumbu na kipi alichokibuni, na kitabu cha kihistoria kisicho na maelezo hayo hudai tahadhari zaidi. Huu muswada wetu utakuwa nayo, kurasa nne, na nimemtaka mwandishi aseme wazi kwamba mjane na fundi wake ni wa kubuni.

Kwa watakaopewa toleo lililorekebishwa mwezi ujao, ombi langu ni kwamba anayeandika "haliwezekani" aandike pia ukurasa, mwaka, na sheria, mila au tukio analodhani linalizuia. Maoni ya namna hiyo nitayafanyia kazi yote, hata yale yatakayonilazimu kumrudisha mwandishi maktabani.