Dawa ya thairoidi nakunywa, majibu yako sawa: mbona kizunguzungu hakiishi?

Wagonjwa wanaonijia na swali hili huwa wameshazunguka sana. Waliambiwa thairoidi, ile tezi ya shingoni, iko chini, wakaanzishiwa levothairoksini, yaani kidonge cha homoni ya thairoidi, wakapima tena, wakaambiwa TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi hiyo, imekaa vizuri. Uchovu ukapungua, ngozi ikaacha kukauka, choo kikarudi kuwa cha kawaida. Kizunguzungu kikabaki palepale. Mtu akirudi kulalamika, anaongezewa dozi kidogo. Akirudi tena, anaambiwa ana mawazo. Mimi ni daktari wa magonjwa ya homoni, na kwa jambo hili nasema wazi: thairoidi husingiziwa mengi.

Sisemi haihusiki kabisa. Homoni ya thairoidi ikipungua sana, moyo hupiga polepole, damu huweza kupungua, na kwa baadhi ya watu sodiamu, chumvi ya kwenye damu, hushuka. Yote hayo yanatosha kumfanya mtu ahisi kichwa chepesi au ayumbe. Wanawake wengi wenye shida hii hupata hedhi nzito. Hedhi nzito humaliza madini ya chuma, na chuma kikiisha, mtu anaamka kitandani anaona giza. Hapo thairoidi ina mkono wake kweli, ila kuongeza levothairoksini hakurudishi chuma kilichopotea. Chuma hurudishwa na chuma.

Kwa hiyo kabla sijaishika karatasi ya maabara, nauliza mambo mawili: kizunguzungu kikija kinakaa muda gani, na kinaanzishwa na nini. Zamani tulifundishwa kuuliza "unahisije hasa?" Nimeliweka kando swali hilo, maana mtu yuleyule atakwambia asubuhi "naelea" na jioni "nazunguka". Muda na kichochezi ni vigumu kuvichanganya.

Tuchukue anayesema: "Nikijigeuza kitandani kulalia upande wa kulia, chumba chote kinazunguka, halafu dakika haijaisha kinatulia." Huyo ameshanipa jibu. Ndani ya sikio mna vijiwe vidogo sana vya chokaa vinavyotusaidia kuhisi mwendo na mvuto wa dunia. Vikibanduka na kuingia kwenye mojawapo ya mifereji ya usawa, kila kichwa kinapogeuka vinayasukuma majimaji ya mle ndani, na ubongo unapokea habari kwamba mwili unazunguka ilhali umelala.

Kipimo chake kilielezwa na Dix na Hallpike mwaka 1952, na hakihitaji mashine yoyote. Mgonjwa anaketi juu ya kitanda, namgeuza kichwa nyuzi 45 upande mmoja, namlaza chali kwa haraka hadi kichwa kining'inie kidogo ukingoni, kisha natazama macho yake. Sekunde chache za mwanzo hakuna kitu. Halafu macho yanaanza kurukaruka, yakipanda juu na kujizungusha kuelekea sikio lililo chini, yanazidi, yanapoa, yanasimama. Yeye wakati huo amening'ang'ania mkono. Yakionekana hayo, naendelea na mizunguko ya kichwa aliyoibuni Epley, daktari wa masikio wa Marekani, ya kuvirudisha vijiwe mahali pake. Wengi hupata nafuu kwa zoezi moja au mawili. Kinaweza kurudi baadaye, na kikirudi kinatibiwa kwa njia ileile. TSH haina habari na lolote kati ya haya. Kizunguzungu hiki ni cha kawaida sana, thairoidi kuwa chini nako ni jambo la kawaida, basi si ajabu vikakutana kwa mtu mmoja bila kimoja kuwa mzazi wa kingine.

Wa pili ni yule anayezidiwa akisimama. Hapa nina lalamiko na sisi watoa huduma: presha hupimwa mara moja, mgonjwa ameketi, basi. Kipimo kinachofaa ni kumlaza kama dakika tano, kupima, kumsimamisha, kisha kupima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, sababu inatafutwa: dawa za presha, maji kidogo mwilini, upungufu wa damu. Presha ikibaki ilivyo lakini mapigo ya moyo yakapanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika kumi, hilo nalo ni tatizo lenye njia yake ya kutibiwa.

Kuna sababu moja hapo ambayo mtu wa thairoidi hapaswi kurukwa nayo. Aina mojawapo kubwa ya thairoidi kuwa chini ni ile aliyoieleza daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi yenyewe. Kinga iliyokosea hapo huweza kukosea na kwingine. Kwa watu wachache hushambulia tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na kotisoli, homoni ya tezi hizo, ikapungua. Mtu huyo hukonda badala ya kunenepa, hutamani chumvi, presha hushuka akisimama, na ngozi huwa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Kwa mwenye ngozi nyeusi tangu mwanzo, natazama fizi na mistari ya viganja, na namuuliza yeye na wa nyumbani kwake kama wameona mabadiliko. Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu levothairoksini huharakisha uvunjwaji wa kotisoli. Mgonjwa wa aina hii akianzishiwa dawa ya thairoidi kabla ya kupewa ya adrenali, anaweza kuzidiwa vibaya hadi kuhatarisha maisha. Ukiona kila dozi ikiongezwa wewe ndiyo unalegea, mwambie daktari hivyo hivyo, bila kupunguza maneno.

Kinga hiyohiyo huweza kushambulia tumbo, na vitamini B12 ikashindwa kufyonzwa. Wanaotumia metformini ya kisukari kwa muda mrefu nao huingia kundi hili. Dalili ninayoipenda kuuliza ni ndogo: ukifumba macho kuosha uso, unayumba? Miguu inayokosa hisia hutegemea macho kujua mwili uko wapi. Macho yakifumbwa, usawa unaondoka. Ongeza ganzi nyayoni na kuogopa kutembea gizani, hapo B12 inapimwa siku hiyo.

Kipandauso nacho huleta kizunguzungu cha dakika chache hadi siku tatu, mara nyingine kichwa hakiumi kabisa ila mwanga na kelele havivumiliki. Na kipo kile kinachokaa zaidi ya miezi mitatu, karibu kila siku, kikizidi ukiwa wima, ukitembea, au ukipita kati ya rafu ndefu na sakafu za marembo. Huanza baada ya tukio jingine, mfano vijiwe vya sikio au hofu kali, halafu tukio linapita lakini ubongo unabaki kwenye tahadhari. Wataalamu walikubaliana vigezo vyake mwaka 2017. Hawa ndio wanaoambiwa "ni mawazo" kuliko wote, nao wana ugonjwa halisi unaotibika kwa mazoezi ya usawa, ushauri wa kisaikolojia, na wakati mwingine dawa.

Turudi kwenye kidonge chenyewe, kwani nacho huchangia. Dozi ikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na kwa watu wazima zaidi mapigo huweza kupoteza mpangilio. Dozi ikibadilishwa, subiri wiki sita hadi nane ndipo upime. Nusu ya dawa huchukua takriban wiki moja kutoka mwilini, hivyo kipimo cha wiki ya pili hakina maana. Kinywe kwa maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na vidonge vya chuma au kalisiamu vikae mbali nacho kwa saa nne. Halafu kuna mtego wa biotini, aina ya vitamini. Thairoidi ikiwa chini nywele hukatika, mtu ananunua vidonge vya nywele vyenye biotini nyingi, na biotini hiyo huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara: TSH inaonekana iko chini na T4, homoni ya thairoidi yenyewe, juu, kana kwamba dawa imezidi. Dozi inapunguzwa kwa mtu aliyekuwa anaihitaji. Iache walau siku mbili kabla ya kutoa damu, na useme unaitumia.

Wakati uchunguzi unaendelea, andika kila kikija: saa, kilikaa muda gani, ulikuwa umefanya nini dakika moja kabla, na mapigo ya moyo kama unaweza kuyahesabu. Dawa za kutuliza kizunguzungu zinafaa siku chache za mwanzo tu. Ukizikalia wiki baada ya wiki zinauchelewesha ubongo kujifunza upya usawa. Tembea, hata kama ni kwa kushika ukuta. Usiendeshe gari wala kupanda ngazi ndefu siku kinapokuwa kikali.

Kikija ghafla pamoja na mdomo kupinda, maneno kukwama, kuona viwiliviwili, mkono kukosa nguvu, kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kujua, au kushindwa kabisa kusimama, hiyo inaweza kuwa kiharusi: nenda idara ya dharura saa hiyohiyo. Maumivu ya kifua na kuzimia vivyo hivyo. Sikio moja likipoteza usikivu ndani ya saa au siku chache, usilisubirishe hadi tarehe ya kliniki, maana matibabu yake hufaa zaidi yakianza mapema.