Je, wajua? Watu wa kale wa jangwani walikula ndago, na mkaa ndio uliotuambia

Ukilima mihogo Muheza au Pangani, ndago unaijua: unaing'oa leo, wiki ijayo imerudi, kwa kuwa vile viazi vyake vidogo vimebaki chini. Viazi hivyo hivyo, vikiwa vimegeuka mkaa, viliokotwa Wadi Kubbaniya, bonde kavu karibu na Aswan, Misri, walikoishi watu zaidi ya miaka 17,000 iliyopita.

Kilichoviokoa ni ajali ya jikoni. Kiazi kilichoangukia chini ya majivu, pasipo hewa ya kutosha, hakiteketei. Kinakuwa mkaa, na mkaa hauozi. Kisipoungua huoza, hasa kwa unyevu wa pwani yetu.

Kuupata mkaa huo kwa kawaida ni kazi ya ndoo. Udongo wa jikoni la kale, lita 10 hadi 20 kwa sampuli, humiminwa taratibu majini na kukorogwa kwa mkono. Mchanga unazama, mkaa unaelea, na maji ya juu hupitishwa kwenye chekeche lenye matundu ya robo milimita. Udongo wa mfinyanzi ukigoma kuachia, hutiwa magadi soda. Kilichopatikana hukaushwa kivulini, maana juani hupasuka. Ila mkaa wa jangwani huwa mkavu kupita kiasi: ukilowa ghafla unaweza kusambaratika, hivyo ni salama zaidi kuuchekecha bila maji.

Kuutambua ni kuuvunja kwa wembe na kuangalia mishipa yake kwenye hadubini, kisha kuulinganisha na kiazi cha leo kilichochomwa makusudi.

Ndago iliyokomaa ni chungu. Lazima isagwe na kuoshwa. Kubbaniya kuna mawe ya kusagia, na hata vinyesi vya watoto wachanga vilivyoungua, ndani yake mkiwa na mimea iliyosagwa laini. Pengine ulikuwa uji wa kulikizia.

Tahadhari moja: mkaa unasimulia kilichokaribia moto tu. Mboga zilizoliwa mbichi hazimo. Ndiyo maana huchunguzwa pia ugaga wa meno, ule utando mgumu unaonasa chembe za chakula. Huko Al Khiday, Sudan, karibu na Khartoum, ugaga ulionyesha ndago ililiwa kabla ya kilimo na hata baada yake. Meno yaliyotoboka yalikuwa machache ajabu, na watafiti wanahisi ndago yenyewe iliwadhibiti bakteria wanaoozesha meno.