Kamongo huzama, tafadhali mwachieni nafasi ya kuvuta hewa

Juzi nimepigiwa simu tena, safari hii kutoka upande wa Ahero: "Afisa, jirani amewatilia kamongo wangu sumu." Nilipofika nikaonyeshwa pipa la lita 200, maji yamejaa hadi ukingoni, mfuniko umekandamizwa kwa mawe mawili wasitoroke. Ndani samaki watano, hao kamongo, wote wamekufa, vinywa vimeelekea juu kwenye mfuniko. Maji yalikuwa safi. Hakukuwa na sumu yoyote. Walizama.

Nikisema hivyo watu hunikatalia: samaki atazamaje? Kamongo ana mapafu. Akishakomaa, mashavu yake hayamtoshi. Karibu asilimia 90 ya oksijeni yake huivuta hewani, kwa hiyo lazima apande juu kila mara. Ukipita kwenye mafunjo ya Dunga, kando ya Ziwa Victoria, alfajiri, kumetulia, utamsikia akigugumia hewa. Mzuie asifike juu, atakufa hata kama maji ni mazuri kiasi gani. Ndiyo maana hata anayenaswa na wavu chini usiku mara nyingi hutolewa asubuhi akiwa mfu.

Basi jaza pipa nusu tu. Juu funika kwa waya wa matundu, uufunge kwa kamba. Pampu ya hewa haitakuokoa kama hukumwachia nafasi juu ya maji. Na usiwarundike pamoja, wanaumana hadi kukatana mikia. Mimi humweka kila mmoja peke yake.

Wengine wanasema ni nyoka. Si nyoka. Ana magamba, ila yamezama kwenye ngozi, na zile nyuzi nne ubavuni ni mapezi. Usiku, anapotafuta chakula, hupapasa nazo matopeni, maana macho yake ni dhaifu.

Eti hulala kwenye tope kila kiangazi? Anaweza, dimbwi likikauka. Anayekaa ziwani, penye maji mwaka mzima, hana haja hiyo.

Halafu kuna wanaomuua wakisema anamaliza ngege, yaani tilapia. Pasua tumbo lake uone: mara nyingi ni vipande vya makombe ya konokono, amewasaga kwa meno yake mapana kama bamba. Konokono wa aina fulani ndio wanaobeba kichocho, na watoto wetu wanaoga humo humo. Samaki pia anakula, sikatai, kwa hiyo bwawa lenye vifaranga vya ngege usimtie kamongo. Lakini aliyeko kwenye mafunjo mwacheni.