Siki haisemi yote kuhusu magamba ya baharini

Mwalimu akitaka kuwaonyesha watoto kwamba bahari inazidi asidi, hutumbukiza ganda la yai kwenye siki. Povu linafumka, watoto wanashangilia, na kila mmoja anarudi kwao akiamini magamba ya viumbe wa baharini yanayeyuka kama sukari kwenye chai. Kazi yangu ni magamba hayo, ya foraminifera, viumbe wa seli moja ambao wengi hawafiki hata milimita moja, na mfano wa siki hunikera kidogo. Bahari haijawa siki. Tangu zama za viwanda zianze, pH ya maji ya juu, kipimo ambacho kikishuka asidi inazidi, imeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1. Bado ni maji ya besi, yaani upande wa pili wa asidi. Ila kipimo hicho hudanganya macho, kwani kila hatua moja ya pH ni mara kumi, hiyo 0.1 ni ongezeko la karibu asilimia 30 la ayoni za haidrojeni, zile zinazoleta asidi.

Shida huanzia kwenye ujenzi. Gamba ni kalsiamu kabonati, ndugu wa mawe tunayochoma tanurini kupata chokaa. Kalsiamu baharini ni tele. Kinachopungua ni kabonati, kwa sababu hewa ukaa ikiingia majini (bahari humeza karibu robo ya ile tunayoitoa) huigeuza kabonati kuwa bikabonati. Katika aina zilizochunguzwa vizuri, kiumbe hufungia maji ya bahari kwenye vifuko ndani ya seli, kisha husukuma haidrojeni nje mpaka pH ya pale anapojenga ipande kupita 9. Hapo ndipo gamba hushika. Kusukuma huko kunakula nguvu. Maji ya nje yakijaa haidrojeni, hali inakuwa ya baharia anayefua maji chomboni huku mvua inanyesha: chombo hakizami, lakini mkono unaofua maji hauvuti nyavu. Kiumbe anaishi, gamba linatoka jembamba.

Na kweli limekuwa jembamba. Mwaka 2009 Andrew Moy na wenzake walichapisha vipimo vya Globigerina bulloides, aina mojawapo ya foraminifera, kutoka Bahari ya Kusini, chini ya Tasmania: magamba ya leo yalikuwa mepesi kwa asilimia 30 hadi 35 kuliko yale yaliyozikwa kwenye tope kabla ya viwanda. Mwaka 2020 wengine wakafukua sampuli za meli ya Challenger, iliyosafiri 1872 hadi 1876, wakazipima kwa mashine ya CT, inayopiga picha za ndani, pamoja na sampuli za chombo cha Tara za karne hii. Katika aina moja ya Pasifiki, ukuta ulikuwa umepungua hadi kwa asilimia 76.

Joto nalo lina mambo yake. Maji ya moto hushika hewa ukaa kidogo, ndiyo maana kabonati huadimika kwanza huko kwenye baridi kali kabla ya kwetu. Joto pia huharakisha kazi za seli, mpaka kikomo. Likipita hapo, Amphistegina, foraminifera wa kwenye miamba anayefuga diatomu (mwani wa seli moja) ndani ya mwili wake, hupauka kama matumbawe. Florida hali hiyo imeonekana tangu 1991. Hasara yake ni maradufu, maana diatomu humlisha na mchana hufyonza hewa ukaa, jambo linalorahisisha ujenzi. (Koksolitofori, mwani wa seli moja wanaojenga magamba ya chokaa, leo siwagusi. Jaribio la 2000 lilisema gamba linapungua, la 2008 likasema linaongezeka, na mabishano hayajaisha.)

Udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, uliochorongwa na Paul Pearson pamoja na wenzake wa TPDC, shirika la petroli la Tanzania, umehifadhi magamba ya zaidi ya miaka milioni 30 yakiwa bado yanang'aa kama kioo, kwa kuwa maji hayakupenya. Elementi ya boroni iliyomo hutuambia pH ya bahari ya wakati ule. Tope la Walvis Ridge, safu ya milima chini ya bahari magharibi ya Namibia, ni kinyume chake. Kwenye tabaka la miaka milioni 56 iliyopita, weupe wa chokaa unakatika ghafla na udongo mwekundu unaanza. Kaboni ilimwagika kwa maelfu ya miaka, na magamba ya wafu yakayeyuka yakiwa sakafuni. Hapo, mwalimu, siki yako ina haki.