Kubana video ya somo ili ichezeke penye mtandao dhaifu

Simu nyingi zikirekodi kwa 1080p hutumia megabiti 15 hadi 20 kila sekunde. Chukua 17, zidisha kwa sekunde 600, gawanya kwa 8: dakika kumi za somo ni megabaiti 1,275. Mkulima wa Kasese, Uganda, akiifungua faili hiyo kwa bando la MB 100, bando linakata sekunde ya 47, mtoa somo hajamaliza kusalimia. Na bando hilo amelinunua pamoja na kodi yake. Tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini Uganda inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 12. Anayepakia video bila kuibana anatumia pesa za mtazamaji bila kumuuliza.

Kinachoamua uzito wa faili ni kasi ya biti, yaani biti ngapi video inatumia kila sekunde. Kanuni yake ni nyepesi: kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa idadi ya sekunde, gawanya kwa 8,000, unapata MB. Kilobiti 400 za picha na 48 za sauti kwa dakika kumi ni MB 33.6. Mahali ambapo mtandao unapitisha kilobiti 600, faili ya 448 itacheza bila kukwama. Usilenge 600 zote, kwa sababu kasi ya simu hupanda na kushuka kila dakika. Bakiza angalau robo.

Watu wengi hubadili jina la faili kutoka .mov kuwa .mp4 wakidhani wameibana. MP4 ni mfuko tu. Kinachobana ni kodeki, yaani mbinu ya kufupisha picha na sauti, iliyomo ndani ya mfuko, na kwa watazamaji wetu tunashauri H.264 pamoja na sauti ya AAC. H.264 ni ya mwaka 2003, na karibu kila simu janja iliyopo mikononi mwa watu ina chipu inayoisoma. Kodeki mpya zaidi, HEVC ya 2013 na AV1 ya 2018, hubana zaidi, lakini simu ya bei nafuu isiyo na chipu ya kuzisoma hulazimika kutumia nguvu za prosesa: inapata moto, betri inaisha haraka, picha inarukaruka, pengine unasikia sauti huku kioo ni cheusi.

Baada ya hapo punguza pikseli. Fremu, yaani picha moja kati ya zinazounda video, ya 1920 kwa 1080 (ndiyo 1080p) ina pikseli 2,073,600. Ya 640 kwa 360 ina 230,400, yaani moja ya tisa. Kwenye kioo cha simu, uso wa mtu katika 360p unaonekana vizuri kabisa. Maandishi madogo ya slaidi ndiyo hufifia. Kwa slaidi tumia 480p, kisha shusha fremu ziwe 15 au hata 10 kwa sekunde, maana ukurasa uliotulia hauhitaji fremu 30.

Kwenye kompyuta, programu ya FFmpeg ni ya bure na inafanya kazi yote kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i somo.mp4 -vf scale=-2:360 -c:v libx264 -preset slow -crf 26 -maxrate 400k -bufsize 800k -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 48k -ac 1 -movflags +faststart somo_360.mp4

Hiyo -2 inaiachia programu ikokotoe upana wenyewe na kuufanya namba shufwa. Ukipata namba witiri, libx264, sehemu ya FFmpeg inayotengeneza H.264, itagoma. CRF ni kipimo cha ubora kutoka 0 hadi 51, na kadiri namba inavyokua ndivyo picha inavyobanwa. Kawaida yake ni 23, na kuongeza 6 hupunguza uzito kwa takriban nusu. Maxrate ni dari: sehemu yenye mwendo mwingi haitavuka wastani wa kilobiti 400, hata ikibidi ubora ushuke kidogo. Kila mara anza na faili ya asili kutoka kwenye kamera. Iliyokwisha kupita WhatsApp kama video imeshabanwa, na kuibana tena ni kubana madoa yake.

Sauti usiinyime. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini akikosa jina la dawa au kipimo chake, somo limekufa. Kilobiti 48 kwa chaneli moja zinatosha maneno ya mtu mmoja. Stereo hapo ni kupoteza.

Asiyependa kuandika amri atumie programu ya HandBrake, nayo ni ya bure. Aweke H.264, RF 26 (ndiyo CRF ya hapo juu), urefu wa picha 360, sauti mono, kisha atie alama kwenye kisanduku cha «Web Optimized».

Kisanduku hicho, sawa na faststart kwenye amri ya juu, ndicho kinachosahauliwa zaidi, na madhara yake hudhaniwa kuwa ni mtandao mbovu. Kila MP4 ina faharasa inayoeleza kila fremu iko wapi. Programu huiandika mwishoni, kwa kuwa kabla ya kumaliza haijui nafasi za fremu. Mtazamaji akibonyeza, kichezeshi kinaitafuta kwanza faharasa. Ikiwa mkiani, kimduara kinazunguka, na wakati mwingine faili nzima inapakuliwa kabla ya picha ya kwanza. Kuihamishia mbele huchukua sekunde chache bila kugusa ubora:

ffmpeg -i somo.mp4 -c copy -movflags +faststart somo_tayari.mp4

Ndiyo sababu pia umeme ukikatika katikati ya kurekodi kwenye kompyuta, MP4 yako haifunguki: faharasa haikuwahi kuandikwa. Rekodi kwa MKV, mfuko wa aina nyingine unaofunguka hata ukikatizwa, halafu uihamishie kwenye MP4 kwa -c copy.

Lakini nafuu kubwa kuliko zote hupatikana kabla ya kurekodi. Kodeki huokoa biti kwa kutorudia kisichobadilika kati ya fremu na fremu. Msimamishe afisa kilimo mbele ya shamba la matoke siku ya upepo, na kila jani la mgomba linalopepea litadai biti zake; zile 400 zinaishia kwenye majani, na uso wa msemaji unageuka vigae. Msogeze mbele ya ukuta mtupu, weka simu kwenye stendi, na kwa biti zilezile unauona mdomo ukitamka. Mgomba wenye ugonjwa upige karibu, kwa muda mfupi, simu ikiwa imetulia. Chumba chenye giza nacho ni adui, kwani chenga za kamera hubadilika kila fremu na kodeki huzihesabu kuwa mwendo. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo chini ya taa ndefu za darasani rekodi kwa fremu 25, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50, kama simu inaruhusu. Kwa fremu 30 hutokea mistari ya kivuli inayopanda na kushuka, nayo inakula biti.

Wenye seva yao watengeneze matoleo matatu, 240p, 360p na 480p, wayakate kwa HLS, mfumo wa kurusha video vipande vipande, katika vipande vya sekunde 6, na fremu kamili (isiyotegemea fremu nyingine) kila baada ya sekunde 2 katika matoleo yote. Kichezeshi kitashukia chenyewe toleo jepesi mtandao ukidhoofika. Fremu kamili zisipolingana, picha inaruka kila toleo linapobadilika.

Kabla ya kutangaza kiungo, zima Wi-Fi, funga simu kwenye 3G, fungua video, kisha rukia dakika ya saba. Ikianza ndani ya sekunde chache, iko tayari. Kando ya kiungo andika «dakika 10, MB 34», ili mtu aangalie salio lake kabla ya kubonyeza.