Kutafuta jina la jiji si kupeleka habari

Ramani za "mtiririko wa habari" kati ya miji ya China huwafanya wengi waamini kuwa kila mstari ni ujumbe uliotoka jiji moja ukafika jingine. Sivyo kabisa.

Nyingi huchorwa kwa Faharasa ya Baidu (kipimo cha jinsi neno linavyotafutwa kwenye Baidu, mtambo wa Kichina wa kutafutia mtandaoni), ambayo takwimu zake zinaanzia 2006. Mtafiti huangalia watu wa Chengdu wametafuta neno "Beijing" kwa kiasi gani, na wa Beijing "Chengdu" kwa kiasi gani, kisha mara nyingi huzidisha namba hizo mbili. Kinachopimwa ni udadisi: nani anataka kujua kuhusu wapi. Tena faharasa si hesabu ya watu, ni kipimo kilichokokotolewa na Baidu yenyewe.

Kinachonisumbua zaidi ni kule kuzidisha. Tuseme upande mmoja ni 400 na mwingine 25. Jibu ni 10,000, sawasawa na 100 kwa 100. Jiji dogo linalolitazama kubwa bila kutazamwa hupotea humo, nalo ndilo jambo lenyewe tulilotaka kuliona!

Halafu kuna majina. Jilin ni jiji, na pia ni jimbo; aliyetafuta "Jilin" alitaka lipi? Faharasa haisemi.